YAH: MALALAMIKO KUHUSU AMPLIFAYA YA MEGAHEZI 1090 NA JINSI NILIVYOTENDEWA NA MAFUNDI WENU

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima ndiyo niliyoikosa kwa watu wako. Masharti ya dhamana sitayarudia, kwa kuwa mmeyaandika wenyewe. Nadai jambo moja: mnirudishie fedha za amplifaya mliyoniuzia, kifaa cha kukuza mawimbi ya ndege yanayonaswa na antena, kwa sababu sivyo ilivyotangazwa. Tangazo lenu linasema kichujio, yaani sehemu inayozuia mawimbi yasiyotakiwa, kimewekwa mbele ya hatua ya kwanza ya ukuzaji. Mchoro mliouweka wenyewe ndani ya boksi unaonyesha kichujio kikiwa nyuma yake. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na vipimo vyangu vinaonyesha lipi ni la uongo.

Tofauti hiyo si ndogo. Ndege hutangaza mahali ilipo kwa megahezi 1090, katika ujumbe mrefu wa biti 112 unaomalizika kwa mikrosekunde 120 tu, na ujumbe wa ndege iliyo umbali wa kilomita 300 hufika kwenye antena ukiwa dhaifu mno. Mnara wa simu ulio jirani na antena hiyo hurusha mawimbi yake katika masafa kama yale ya kati ya megahezi 925 na 960, mchana na usiku, kwa nguvu isiyoshindaniwa. Kichujio kikitangulia, mawimbi hayo ya simu hupunguzwa mlangoni. Kikifuata, hatua ya kwanza huwa imekwisha kulemewa na kuvuruga kila kinachopita ndani yake, na ujumbe uliokwisha kuharibika hautengenezwi na kichujio chochote kinachokuja baadaye. Najua kwamba kuweka kichujio mbele kuna gharama yake, maana chenyewe hula desibeli kadhaa za nguvu ya mawimbi kabla ukuzaji haujaanza, na mahali pasipo na mnara jirani mtengenezaji anayeanza na ukuzaji ana hoja ya kweli. Lakini huyo hutangaza alichokitengeneza. Ninyi mlitangaza kingine.

Hayo yote nilikuwa nimeyaeleza, kwa utulivu na kwa utaratibu, siku fundi wenu aliponipigia simu. Nilianza kumsomea matokeo ya vipimo, akanikatiza na kuuliza, "Taa inawaka?" Nikamjibu kwamba inawaka. Akasema, "Basi ni nzima." Nilipomweleza kwamba taa ile huonyesha tu kwamba umeme unapanda kwenye kebo hadi kwenye amplifaya, na haisemi lolote kuhusu mawimbi, alimgeukia mwenzake bila hata kuziba simu na kusema, "Ni yule wa ndege tena." Wakacheka wote wawili. Kisha simu ikakatwa.

Naomba uelewe ni vipimo gani alivyokataa kuvisikiliza. Niligawa mawimbi ya antena moja kwa kigawanyo chenye hasara sawa kila upande, nikayapeleka kwenye vipokezi viwili vya aina moja: kimoja kikipitia amplifaya yenu, kingine kikipitia kichujio cha kawaida bila ukuzaji wowote. Vyote viwili vilisikiliza anga ileile kwa wakati uleule, kwa hiyo hakuna wa kunijibu kwamba hali ya hewa ilibadilika au kwamba ndege zilikuwa chache. Upande wenu ulipoteza ndege zote za mbali, na hata zile zilizopita karibu ujumbe wake ulikatikakatika. Kisha nikafunga kichujio hichohicho cha kawaida mbele ya amplifaya yenu, na ndege za mbali zikarudi. Sijui fundi anahitaji uthibitisho gani ulio wazi kuliko huo.

Badala ya kuusoma, mfanyakazi wenu mwingine aliniandikia kwamba ninunue ile yenu kubwa zaidi, yenye desibeli nyingi. Huo ni ushauri wa kumtia mteja hasara ya pili. Kipokezi cha biti 8, yaani kinachopima mawimbi kwa ngazi 256 tu, kina nafasi finyu kati ya mawimbi dhaifu na yale ya nguvu, na kikishajaa, kuongeza ukuzaji ni kukizibisha masikio kabisa. Mfanyakazi huyohuyo alisema pia kwamba niishushe amplifaya kutoka kwenye antena na kuiweka ndani, karibu na kipokezi. Kampuni inayouza vifaa hivi inapaswa kujua kwamba kinachopotea kwenye kebo kabla ya amplifaya hakirudishwi na ukuzaji unaofuata, kwa maana kelele hukuzwa pamoja na ujumbe. Ndiyo sababu kifaa hicho hufungwa juu, jirani na antena, na kijitabu chenu chenyewe kinaagiza hivyo.

Na kabla ya hayo yote, mlikwisha kunirudishia kifaa nilichokituma kikiwa na karatasi iliyoandikwa "Imepimwa, ni nzima." Utepe niliouzungushia viunganishi vyote viwili ulirudi bila kuguswa. Amplifaya haipimwi bila kuunganishwa na kebo. Picha nilizozipiga kabla ya kuituma na baada ya kuipokea nimeziambatisha.

Kwa hiyo, fundi aliyenicheka alikuwa anatetea kipimo ambacho hakikufanyika. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba afungue jedwali la vipimo nililowatumia ili tulisome pamoja, naye akanijibu kwamba hajalifungua na hatalifungua kwa sababu taa inawaka. Baada ya hapo ndipo lilipokuja lile neno la "yule wa ndege," na kicheko, na simu kukatwa nikiwa katikati ya sentensi. Mtu mzima, mteja aliyelipa kwa ukamilifu, nilibaki nimeshika simu iliyokatwa huku bado nikieleza.

Hasara hii si yangu peke yangu. Ndege zisizotangaza mahali zilipo hutafutwa kwa kulinganisha wakati ujumbe uleule ulipofika kwenye vipokezi vinne au zaidi vilivyo mahali tofauti. Kipokezi changu kikiziba, wenzangu ninaoshirikiana nao wanapoteza ndege hizo pamoja nami. Kwa sababu hiyo niliwanunulia amplifaya nyingine mbili za aina hiyohiyo, nikiamini tangazo lenu, nazo zina kasoro ileile.

Nilianza barua hii nikidai fedha za amplifaya moja. Nikiyatazama niliyoyaandika, dai hilo halitoshi. Nataka fedha za zote tatu pamoja na gharama za kuzisafirisha kwenda na kurudi. Nataka barua ya kuomba radhi inayotaja kicheko kile waziwazi, wala si maneno ya jumla ya kusikitikia usumbufu. Nataka pia tangazo lirekebishwe liseme kichujio kiko wapi hasa, ili mwingine anayeishi karibu na mnara asinunue nilichonunua mimi.

Nakupa siku 14 tangu barua hii ikufikie. Zikipita, malalamiko haya yatapelekwa kwenye mamlaka ya kulinda walaji pamoja na mchoro wenu, tangazo lenu, picha za utepe na jedwali lote la vipimo, na dai la fedha nitalifungua mahakamani. Vipimo hivyo nitavitangaza pia kwa kila mtu anayefuatilia ndege, kwa maelezo yanayomwezesha kuvirudia mwenyewe kwa vipokezi viwili na kigawanyo kimoja. Jibu nalitaka kwa maandishi, likiwa na sahihi yako wewe mwenyewe. Simu kutoka kwa mafundi wenu sitaipokea.

Wako katika kudai haki,

Mteja wenu