Shukrani kwa mama wa kioo cha kukuzia

Mama, jina lako sikuliuliza, nisamehe. Ni mimi yule Mtanzania wa pale bustanini New Jersey, niliyekuwa nachuma mbawakawa wa Kijapani kwenye mawaridi na kuwatumbukiza wote kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Ulinishika mkono: "Huyo mwache!" Nikadhani umemwonea huruma tu. Kumbe alikuwa amebeba yai la nzi anayewaua mbawakawa hao.

Vile vidoa vyeupe vya ubavuni ndivyo nilivyoviita mayai ya nzi. Ukanipa kioo chako, nikaona ni vishungi vya nywele, vitano kila upande, na kila mbawakawa anavyo. Yai lenyewe lilikuwa mgongoni, nyuma tu ya kichwa: jeupe, dogo kama punje ya chumvi, limegandishwa hasa, hata kwa ukucha halibanduki. Nzi huyo, Istocheta aldrichi, aliletwa Marekani makusudi miaka ya 1920. Funza wake hutoboa na kuingia, humla mwenyeji wake kwa ndani, na katika wiki moja hivi mbawakawa amekwisha.

Jana nimewaachia 11 wenye yai. Wengine, ndooni kama kawaida. Asante sana, mama. Kioo chako niliondoka nacho, kiko kwangu salama.