Mzingile si kila jambo gumu

Mhariri,

Siku hizi kesi ikichelewa tu, tunasoma "mzingile wa kesi". Neno linachakaa bure. Mzingile, ambao wengine huuita kwa ukamilifu mzingile mwambiji, uko ukoo mmoja na zinga, mzingo na zingira: lazima pawe na njia inayojipinda na mtu aliyenaswa ndani. Fumbo unalifumbua umekaa, mzingile unautembea.

Kesi ndefu inayosonga, hata kwa kusuasua, ni mlolongo. Taarifa zinazopingana ni mkanganyiko. Mwombaji anayepita madirisha matatu, la tatu likamrudisha la kwanza, huyo ndiye aliye mzingileni. Vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, navyo vinastahili jina hilo bila ubishi.

Wafasiri wanaolitumia neno hili kwa jumba la Minotauri, zimwi nusu mtu nusu fahali wa ngano za Kigiriki, kule Krete wamepatia. Ila mchoro wa sakafuni katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, una njia moja isiyo na panda, unazungusha, haupotezi. Hapo ningesita.

Na sarufi jamani: mzingile umemchosha, mizingile imewachosha. "Mzingile limemchosha" ni kosa.

Msomaji wenu,
Tanga