Barua kwa mwanangu, kiungo mfupi

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila bibi yako goti linamsumbua kama kawaida yake kila masika. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema kocha amekwambia huna mwili wa kucheza katikati, na sasa unataka kuhamia beki ya pembeni, mradi upate namba. Kabla hujahama, nikusimulie habari za mchezaji mmoja wa Dublin, mji mkuu wa Ireland, maana najua hapo shuleni gumzo ni Messi na De Bruyne tu.

Anaitwa Wes Hoolahan, mzaliwa wa 1982. Mfupi kama wewe, mwembamba, na mguu wake ni wa kushoto. Alianzia Shelbourne ya hapo hapo Dublin, akabeba ubingwa wa Ireland mara 3. Alipotoka kwao ana miaka 23, wala si Arsenal wala Liverpool waliomchukua. Alikwenda Livingston ya Scotland, kisha Blackpool, wakati huo ikiwa daraja la tatu England. Mwaka 2008 akasajiliwa Norwich City, na msimu wake wa kwanza tu timu ikashuka hadi daraja hilo hilo la tatu. Wengine wangefungasha virago. Yeye akabaki, wakapanda 2010, wakapanda tena 2011, na ndipo akaionja Ligi Kuu akiwa na miaka 29. Usidhani nasema unayo miaka mingi ya kuzubaa. Nakwambia tu kwamba kwa miaka yako 15 hakuna mlango uliofungwa.

Lakini timu ya taifa ndiyo ninayotaka uisikilize vizuri. Giovanni Trapattoni, mzee wa Kiitaliano aliyekuwa kocha wa Ireland, alimpa mechi ya kwanza 2008 dhidi ya Colombia, kisha akamsahau kwa zaidi ya miaka minne. Mzee alitaka viungo wawili wa kukaba na mipira mirefu kwenda mbele. Mtu wa kuomba mpira mguuni hakuwa na kazi kwake. Simlaumu moja kwa moja, maana mpira huo uliifikisha Ireland kwenye Euro 2012, mashindano ya mataifa ya Ulaya. Ila walipofika huko walifungwa mechi zote 3, mabao 9, wao wakapata moja. Baada ya hapo ndipo Hoolahan akakumbukwa.

Sasa omba simu ya mjomba wako utafute mechi ya Ireland na Italia, Euro ya Juni 2016, uwanja wa Lille, Ufaransa. Ireland lazima washinde, la sivyo wanarudi nyumbani. Hoolahan ameanzia benchi, ingawa ndiye aliyewafunga Sweden kwenye mechi ya kwanza. Anaingia kipindi cha pili. Dakika ya 84 anabaki yeye na kipa Sirigu peke yao, anapiga shuti la kitoto, kipa anadaka. Hapo rudisha nyuma uangalie tena. Kosa kama lile, mbele ya taifa zima, wachezaji wengi wangejificha nyuma ya beki mpaka filimbi ya mwisho. Yeye ndani ya dakika moja yuko upande wa kulia anataka mpira tena. Anaupata, anauvutia mguu wa kushoto, anaukunja kuelekea golini. Mpira unaangukia pale kati ya mabeki na kipa, ambapo hakuna anayejua nani autoe. Robbie Brady anafika wa kwanza, kichwa, bao. Ireland wakaingia 16 bora. Mimi kwa kelele zangu nilimwamsha bibi yako, akadhani mwizi kaingia.

Sitakudanganya kwamba kimo hakikumgharimu. Mtu wa ufundi ule kamaliza na mechi 43 za taifa, mabao 3. Hata Novemba 2017, kwenye mchujo wa kwenda Kombe la Dunia Urusi, aliachwa benchi mechi ya marudiano na Denmark, akaingizwa mapumziko, wakafungwa 5-1 mbele ya watu wao Dublin. Mpaka leo Waireland wanalalamika kwamba alichezeshwa kidogo. Mimi nalalamika nao.

Ila hakugeuka beki wala hakugeuka mkabaji. Aliendelea na mchezo wake ule ule: West Brom, Australia, halafu Cambridge United, ambao aliwasaidia kupanda kutoka daraja la nne 2021 akiwa anakaribia miaka 39.

Kwa hiyo kwa kocha nenda kwa adabu, umwombe dakika 20 za mwisho kwenye mechi ya kirafiki, pale katikati, siyo pembeni. Akikataa, muulize anataka nini kwa mtu wa namba hiyo, ufanye. Na acha tabia ya kupokea mpira umeinamia miguu yako. Tazama kwanza nani yuko wapi.

Pesa ya daluga nimemtumia mjomba. Nunua namba yako ya sasa, usichukue kubwa kwa kutegemea kurefuka.

Mama yako