Mwanangu, kimya cha seva sio jibu

Babaangu, jana uliponipigia ukasema malipo yanagoma na umepanga programu irudie yenyewe kutuma mara tatu, sikukujibu vizuri maana nilikuwa jikoni na simu inakatakata, ila usiku usingizi ulinipaa. Nakuomba hiyo kitu usiiweke laivu kabla hujasoma hapa.

Mwaka 2014, wewe uko darasa la tano, nilikuwa kwenye kampuni moja tunalipa wakulima kwa simu. Ile programu niliiandika mimi: tuma pesa, subiri sekunde 30, jibu lisipokuja andika IMEFELI, halafu tuma tena. Kwenye testi ilikuwa inapita safi kila siku. Sasa Ijumaa moja mwisho wa mwezi mtandao ukawa mzito, kumbe upande wa pili, kwa kampuni ya simu, hela zinatoka vizuri tu, ni jibu ndo linachelewa, na sisi huku tunaandika imefeli, tunatuma tena, imefeli, tunatuma tena. Watu 63 wakalipwa mara mbili, wengine mara tatu.

Jumamosi asubuhi nikamwambia bosi mwenyewe kabla hajasikia kwa watu, halafu nikashinda kwenye kiti napiga simu mmoja mmoja. Wengi walirudisha bila neno. Kuna mama mmoja akaniambia mwanangu hela nimeshanunua mabati, fundi yuko juu ya paa sasa hivi, na kweli nikawa nasikia nyundo inagonga. Nilishindwa hata kuendelea kuongea. Yule mama hakuiba, meseji ilimwambia umepokea, na mvua ilikuwa inamnyeshea ndani, angefanyaje?

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujatuma chochote tengeneza namba ya muamala ya kwako, iandike kwenye databezi, yaani ghala la kumbukumbu za programu, kwanza, na databezi yenyewe ikatae namba hiyo kujirudia, ndo utume. Ukija kurudia, rudia na namba ileile, usitengeneze mpya, ili wenzako upande wa pili wakiiona wajue hii tushalipa. Na waulize kwa maandishi kama mfumo wao kweli unakataa namba iliyojirudia, maana sio wote wanakataa. Halafu hali ziwe tatu: imepita, imefeli, HAIJULIKANI. Hiyo ya tatu vijana wengi mnairuka. Muamala ukikaa hapo huutumi tena, unauliza kwanza kwao hali yake, na kama hawana API ya kuulizia, yaani njia ya programu yako kuuliza mfumo wao moja kwa moja, basi unasubiri mpaka mtu wa mahesabu alinganishe na taarifa yao ya kesho yake. Mteja atalalamika amecheleweshewa, bosi wako atalalamika zaidi, vumilia.

Na kimya kinadanganya hata kwa kinyume chake. Januari 2017 GitLab, kampuni kubwa tu ya kutunzia kazi za waandishi wa programu, injinia wao alifuta databezi kwenye seva siyo yenyewe, wakaenda kuchukua bakapu, zile nakala za akiba, wakakuta hazipo. Zilikuwa zinafeli siku nyingi, ila barua pepe za kuwaambia zimefeli nazo zilikuwa zinakataliwa njiani, kwa hiyo wote walijua mambo yako sawa. Walipoteza data ya kama saa 6 hivi. Mimi nilisikia kimya nikasema imefeli, wao walisikia kimya wakasema imepita. Na walieleza yote hadharani bila kuficha, nawaheshimu sana kwa hilo.

Sasa ile ya jana iliyogoma, umemuuliza aliyekuwa alipwe kama hela imefika? Mpigie yeye kwanza. Halafu nitumie logi, ile kumbukumbu ya kila kitu programu ilichofanya, ya kuanzia saa nane mchana, ufute namba za simu za watu kabla ya kutuma, niko macho mpaka saa tano usiku.

Mama yako