Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Samaki Tusioweza Kuwalisha

Assalaam alaykum, na habari za alasiri kwenu nyote, wafugaji wenzangu wa samaki wa matangi, mlioko hapa ukumbini Mombasa na mnaofuatilia kwa simu kutoka Nairobi na Nakuru.

Mwaka jana niliposimama hapa nililisifia tangi langu. Mtakumbuka, maana baadhi yenu mlikuja nyumbani Jumapili ile kulitazama: lita 600, matumbawe laini upande wa kushoto, na katikati yule Zanclus aliyenivimbisha kichwa kama bwana harusi. Naanza na samaki huyo kwa sababu alikufa, na azimio mtakalolipigia kura leo limetokana na kifo chake.

Kwa wanachama wapya: Zanclus ni bapa kama sahani iliyosimamishwa, ana mistari mipana myeusi, myeupe na ya manjano, na pezi lake la mgongoni hurefuka nyuma kama mkia wa kishada. Anayezamia Watamu au Shimoni hamkosi. Kinywa chake ni kama mdomo wa birika, cha kuchokonoa sifongo na mwani katika nyufa za mwamba, na kazi hiyo huifanya kutwa kucha.

Mimi nilimlisha kamba wadogo wa barafu, mwani mkavu na kome niliowasaga mwenyewe. Siku ya tatu akala. Nikawapigia simu nusu ya kamati. Kwa mwezi mzima alikula mara tano kwa siku, hata mama watoto akauliza kama huyu mgeni ana posho yake. Nami nilikuwa nikimtazama kwa ubavuni, kupitia kioo, na kwa ubavuni sahani ni sahani tu, iwe imejaa au haina kitu. Siku niliyopanda stuli kufuta vumbi la taa nikamtazama kwa juu. Mgongo ulikuwa wembe. Nyuma ya kichwa, pande zote mbili, nyama ilikuwa imebonyea ungeweza kulaza punje ya mchele. Alikuwa anakula na anakufa njaa kwa pamoja. Siku ya 47 nilimkuta ameegemea pampu.

Nimeisimulia hadithi hii mbele ya kamati mara mbili, na mara zote mbili aliyenijibu alinifariji kwamba mbona alikula. Hapo ndipo nilipoona kosa letu sote. Kwenye kikundi chetu cha simu, neno la kupongezana ni moja: “amekula”. Samaki akigusa chakula tunahesabu ameshinda mtihani. Hatuulizi alichokula kina kile anachokipata mwambani, wala tumbo lake limekijua. Kuna samaki wa kubugia chochote na kuna samaki ambaye umbile lake zima, kinywa na utumbo, limekatwa kwa chakula kimoja kama ufunguo na kufuli.

Kwa hiyo kamati inaleta orodha. Samaki waliomo, chama hiki hakitawaagiza, hakitawabadilishana kwenye minada yetu, wala hakitawaonyesha kwenye maonyesho. Zanclus ndiye wa kwanza. Wanaofuata ni wale samaki waitwao vitatange, wanaoishi kwa kula matumbawe, na hapa ndipo mjadala ulipopamba moto, maana mwanachama mmoja alidhani tunawapiga marufuku vitatange wote. La. Chaetodon auriga, yule mwenye uzi unaochomoza nyuma ya pezi, anakula mambo mengi na wengi wenu mnaye na ana afya. Lakini Chaetodon trifascialis karibu hana chakula kingine ila matumbawe ya Acropora. Kumweka kwenye tangi lenye mawe na kamba wa barafu ni kumfungia mtu kwenye duka la vyuma na kumwambia ajipakulie. Naye Oxymonacanthus, yule mdogo wa kijani mwenye madoa ya rangi ya chungwa, ni vivyo hivyo.

Yumo pia yule samaki bapa aitwaye taa, mwenye madoa ya samawati. Huyu anatuhusu kwa aibu. Hoteli moja, sitaitaja, iliwaita wanachama wetu wawili kuwatunzia tangi la mapokezi, na ndani yake wakamkuta taa juu ya changarawe za marumaru. Taa hujifukia mchangani na kutafuta kamba na minyoo. Kwenye changarawe tumbo lake huchubuka. Mtunzaji aliyepita alikuwa akimpa vipande vya changu. Wenzetu walibadilisha mchanga, wakamletea kamba hai, wakashinda naye siku nyingi. Hakugusa. Meneja alichotaka kujua ni lini ataletewa mwingine, kwa sababu wageni wanampenda. Wenzetu waliiacha kazi ile, na malipo ya mwezi wa mwisho hawajayaona hadi leo. Naomba mkutano uwapigie makofi.

Wa mwisho nitakayemwelezea ni msafishaji, Labroides dimidiatus, na sababu yake ni tofauti kidogo. Mnamjua: mwembamba kama kidole cha mtoto, samawati yenye mstari mweusi. Mwambani ana kituo chake kama kinyozi. Chewa mzima huja, hutanua kinywa, na huyu mdogo huingia mle mle akitoa vimelea, kisha hutoka salama. Kwenye tangi wateja wake ni watano, na vimelea Mungu apishe mbali. Wengi hukonda. Lakini hata angenenepa, swali langu ni la wale wateja aliowaacha. Kwenye miamba midogo ya Kisiwa cha Lizard, Australia, watafiti waliwaondoa wasafishaji kwa miaka minane na nusu wakilinganisha na miamba waliyoiacha kama ilivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: kwenye miamba isiyo na wasafishaji, samaki wakaazi walikuwa pungufu kwa asilimia 37. Samaki mmoja wa kidole, na mtaa mzima unahama.

Wala si siri mpya. Taarifa ya kituo cha uhifadhi cha UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2003, iliyokadiria kwamba samaki zaidi ya milioni 20 wa aina 1,471 huuzwa kila mwaka kwa ajili ya matangi ya maji chumvi, ilimtaja huyu msafishaji miongoni mwa wale wanaojulikana hawastahimili na bado wanauzwa kwa wingi. Tangu 2003 tunajua, na mwaka huu nimewaona dukani wakiwa kumi kwenye ndoo.

Sasa, wapinzani wa azimio, nao si watu wa mchezo. Mwenzetu mmoja wa Nyali ameishi na Zanclus kwa miaka mitatu, nimemwona kwa macho yangu, kwa juu, amenona. Hoja yake ni kwamba tukikataza kila kigumu hakuna atakayejifunza. Ana haki. Yule Oxymonacanthus niliyemtaja alizalishwa nyumbani kwa mfugaji wa kawaida huko Marekani mwaka 2009, wakati wengi wakisema haiwezekani kumlisha, sembuse kumzalisha. Samaki kangaja wa manjano wa Hawaii alishindikana kwa miaka mingi hadi watafiti wa Oceanic Institute wakafaulu kumlea kutoka yai mwaka 2015. Ndiyo maana azimio lina kifungu cha ruhusa: anayetaka kujaribu aandike barua, aeleze tangi, chakula na atakayemshikia akisafiri, na kila wiki atume picha iliyopigwa kutoka juu. Baadhi yenu mmecheka hicho cha picha. Mimi nilikidai.

Ila hata wakubwa wana siku ya kusema basi. Aquarium ya Monterey Bay, California, mwaka 2004 ilimweka papa mweupe mchanga kwa siku 198, ilhali kabla yake hakuna popote alipovuka siku 16. Wakamrudisha baharini, wakaweka wengine watano hadi 2011, kisha wakaacha. Wana tangi la lita milioni kadhaa na madaktari wa samaki. Mimi nina stuli.

Upande wa wazamiaji wanaotuvulia samaki ndio ulioninyima usingizi. Wanne kati yao ni wanachama wetu, na mwezi wa kaskazi mmoja alituambia wazi kikaoni kwamba yeye havui samaki, anavua oda. Kusi likivuma, maji yakichafuka, hupita wiki bila kitu. Kaskazi ikitulia ndipo anaposaka ada za shule. Samaki akimfia mikononi kabla hajapokelewa, hasara ni yake peke yake. Huyu hatumii sumu; anatumia kimia na kijiti, anajua kumpandisha samaki polepole ili kibofu cha hewa kisifure, na tukumbuke kwamba Ufilipino tangu miaka ya 1960 wapo waliopulizia sayanaidi mwambani, samaki akalewa, akashikika, kisha ini likamwua akiwa tayari kwenye tangi la mtu. Basi tusimgeuzie kidole huyu ndugu. Tukiacha kuagiza Zanclus, hatamvua. Na tukimwondolea oda tano, kamati imekubaliana tumlipe vizuri zaidi kwa zile zinazobaki: bei ya samaki mgumu ilikuwa ikilipia sifa zetu, ihamie kwa samaki aliyefika mzima. Mweka hazina ana mapendekezo ya viwango.

Mwezi wa Februari tulifanya ziara Kuruwitu, Kilifi. Wavuvi wa pale walitenga hekta 30 hivi tangu 2005 wakaziita tengefu, baada ya kuona bahari inaisha, na uvunaji holela wa samaki wa matangi ulikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Tulienda kama wageni, na njiani kurudi basi lilikuwa kimya kuliko lilivyokwenda.

Magonjwa. Mwaka huu tumepoteza matangi manne kwa madoa meupe, na yote yalianza na kangaja wa samawati, Acanthurus leucosternon, fahari ya bahari yetu ya Hindi na sumaku ya kila kimelea. Hayumo kwenye orodha, kwa sababu anakula vizuri na akipata nafasi ya kuogelea anaishi. Tatizo ni haraka zetu. Mwenzetu alimnunua asubuhi, adhuhuri yumo kwenye tangi na wengine. Siku ya sita madoa kama chumvi iliyomwagika. Siku ya tisa madoa yakatoweka, akaandika kwenye kikundi “Alhamdulillahi amepona”, na watu 18 wakampongeza, nami mmojawapo. Kumbe kimelea kile hushiba, hujidondosha, hujifunga kwenye ganda chini mchangani, na humo ndani hujigawa mara nyingi kabla ya kupasuka na kutafuta mwenyeji mpya. Alichokiona kimepona kilikuwa kimekwenda kuzaa. Akatia dawa ya shaba kwenye tangi lile lile, kamba na konokono wakafa siku hiyo, samaki wakafuata. Chama sasa kina matangi mawili ya karantini, yasiyo na mchanga wala mawe, na yanaazimwa bure. Yamekaa matupu muda mwingi wa mwaka. Hilo nalo ni taarifa.

Maji: msichote karibu na mkondo wa Tudor baada ya mvua za masika. Pimeni chumvi kila mtungi. Kipimo cha uzito wa maji kikishuka chini ya 1.024 rudisheni. Stima: zima-washa za mwaka huu zimetuuma, betri za pampu za hewa zilizonunuliwa kwa pamoja zimeisha, oda nyingine itatoka mwezi ujao. Fedha mtazisikia kwa mweka hazina.

Kuna jambo la kurudisha samaki baharini, kwa sababu azimio likipita baadhi yenu mtakuwa na samaki wa orodha nyumbani na mtaona huruma. Msiwamwage ufukweni usiku. Samaki simba wetu, yule wa miiba ya sumu, alionekana Florida mwaka 1985, na leo amejaa Karibi nzima akila vizazi vya miamba isiyomjua. Inaaminika alitoka kwenye matangi ya watu. Aliyewahi kuogelea maji mamoja na samaki wa Pasifiki anaweza kushusha mwambani ugonjwa ambao mwamba haujawahi kuuona. Walio nao wakae nao, walishwe kadiri ya uwezo, na kamati ijulishwe. Tusiwaongeze tu.

Wanachama tulikuwa 41, sasa ni 46. Katibu anamaliza muda wake na hagombei tena; amenikemea kwa barua tatu mwaka huu na zote alikuwa na haki. Uchaguzi utafuata chai.

Karatasi za kura ya azimio ziko meza ya mlangoni, pembeni ya mahamri. Tupige kabla ya Maghrib. Wanaotaka kuja kuona tangi, karibuni Jumapili kama kawaida. Pale katikati pako wazi, sijaweka mtu. Stuli nimeiacha pale pale kando yake.