Usiniletee Jahazi

Mkomani, Lamu
Oktoba

Shoga yangu wa dhati,

Assalam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, isipokuwa magoti ya mama, ambayo upepo ukigeuka tu nayo huanza. Natumai nyote huko Malindi hamjambo, mzee amepata nafuu na kile kikohozi cha mtoto kimekwisha.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa kijana wa basi, pamoja na zile picha mbili. Lakini shoga, umezikunja! Picha ya rangi ya maji haikunjwi. Karatasi ikishavunjika pale kwenye mkunjo, ule mstari hautoki tena hata uipige pasi. Siku nyingine zilaze kati ya vipande viwili vya kadibodi, ufunge kwa nailoni. Hata hivyo nimezitazama kwa kituo, na ile ya jiko la mamako imenikalisha. Ile nyingine ni jahazi na jua linazama. Nitakwambia bila kuzunguka, kwa kuwa umeuliza ipi uilete kwenye maonyesho yetu ya Novemba: lete jiko, jahazi liache nyumbani.

Usinune. Jahazi lako si baya. Ila kila mwenye brashi akifika Lamu huanza na jahazi, akitoka hapo punda, akitoka hapo mlango wa nakshi. Na wako wanaovichora hivyo vizuri kuliko sisi. Tangu 2011, Mjerumani Herbert Menzer alipoanzisha tamasha la wachoraji pale Shela, tumeona mafundi wa kweli kutoka Ulaya wakisimamisha vibao vyao vichochoroni na kumaliza picha papo hapo, mbele ya watoto na paka. Nimesimama nyuma yao mara nyingi na kujifunza kwa macho tu, bure. Siwatii ila hata kidogo. Lakini angalia wanachokiona: pwani, njia, soko, ukuta wa nje. Nyumba ya Kiamu imejengwa makusudi mgeni aishie hapo. Daka, kile kibaraza cha mlangoni, ni la kila mtu; tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, ni ya anayejulikana; kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, misana, vile vyumba virefu, na ndani kabisa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ambako hata jirani hafiki bila kuitwa. Sisi tunaingia na viatu mkononi, tunakaribishwa chai. Basi kwa nini tukimbilie kuchora kile ambacho kila aliyeshuka botini amekwisha kukichora?

Umeuliza pia kikundi chetu ni cha namna gani. Hakina jina, hakina ofisi, wala mwenyekiti wa kugombaniwa. Ni wanawake wa mitaa hii, Jumamosi asubuhi, kila juma nyumba ya mmoja wetu. Mwenye nyumba anatoa mahamri na mahali pa kukaa, wengine wanakuja na rangi zao. Alasiri moja kila juma tunawafundisha wasichana wakitoka madrasa. Wako wazazi wasiopenda watoto wao wachore sura za watu, na hatubishani nao. Lamu haijaishiwa na vitu vya kuchora: kuna mabirika, mbuzi ya kukunia nazi, vyungu, mwangaza unaoshuka kiwandani, boriti za mikoko zilizochongwa na kutiwa rangi. Mtoto akiweza kuchora kitako cha chungu kikakaa chini kisielee, mengine yatakuja.

Acha nikusimulie somo la ukuta mweupe, maana ndilo linalowashinda wengi, hata watu wazima.

Tulikuwa katika nyumba ya bibi mmoja huku nyuma ya msikiti, kwenye msana wa chini. Kuta zake zimepakwa chokaa juzijuzi, zinang'aa. Msichana mmoja akaniuliza rangi nyeupe iko wapi, mimi nimekwisha kuzificha tyubu zote nyeupe mkobani. Katika rangi za maji nyeupe ni karatasi yenyewe. Unachora kivuli, ukuta unabaki. Tukachukua buluu ya ultramarini na ile kahawia ya udongo uliochomwa, iliyoandikwa siena, tukazichanganya. Hizo mbili zikikutana zinazaa kijivu kizuri kuliko chochote cha dukani, na unaweza kukivuta upande unaotaka: buluu ikizidi kivuli kinapoa, kahawia ikizidi kinapata joto. Juu karibu na boriti tukatia ya ubaridi. Chini, ambako jua linapiga sakafu kisha linarudi ukutani, tukatia kahawia na tone la manjano.

Bibi akatoka na birauli yake ya maji, akasimama nyuma ya yule msichana. "Ukuta wangu nimeupaka chokaa kwa pesa yangu, mbona mumeutia buluu? Mwataka watu waseme nyumba yangu ina ukungu?"

Mtoto hakujibu. Akampisha kwenye mkeka, akamwomba aketi, afumbe jicho moja, autazame ukuta pale pembeni, chini ya zidaka. Bibi akatazama kwa muda. Kisha akasema, "Ni kweli. Na pale chini ni manjano, hamkutia ya kutosha." Tangu siku hiyo yeye ndiye mkaguzi wetu, na hana huruma.

Sasa mambo ya vifaa, kwa kuwa umesema rangi yako inakauka vibaya. Kwanza karatasi. Hiyo ya daftari la shule itakuvunja moyo bure: inajikunja, na ukipitisha brashi mara mbili inachubuka. Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ikiwezekana. Huku kwetu haipatikani, tunaagiza Mombasa au Nairobi kwa mtu anayesafiri, tunagawana karatasi kubwa vipande vinne. Ikifika usiiache wazi. Karatasi hizi hutiwa aina ya gundi ili maji yakae juu yasizame mara moja, na unyevu wa pwani huzalisha ukungu unaokula gundi hiyo. Huuoni kwa macho mpaka utie rangi. Hapo unaona madoa yananyonya kama karatasi ya kukaushia wino, na hakuna dawa. Tunazifunga kwenye nailoni mbilimbili, tukaziweka juu kabatini mbali na ukuta.

Rangi nayo, heri tano nzuri kuliko boksi la ishirini na nne za watoto. Zile za bei ya chini zimejaa unga wa kuongezea, na nyekundu zake zikikaa dirishani mwaka haupiti zimepauka. Unajua kinachoshika rangi hizi kwenye karatasi ni gundi ya mgunga? Ile ile wanayogema watu wa Samburu, Turkana na Garissa. Inavunwa hapa Kenya, na sisi tunanunua tyubu zilizotoka Ulaya kwa bei ya juu. Nikianza habari hiyo sitamaliza, tuendelee.

Maji yawe ya mvua au ya kununua. Ya kisima huku yana chumvi, nadhani na kwenu sehemu nyingine ni hivyo hivyo, na chumvi ikikauka ndani ya rangi inafanya nyotanyota. Mmoja wetu anaitumia makusudi kwenye picha za mchanga, maji ya bahari kabisa, na zinapendeza. Lakini ukutani huitaki. Kaskazi inakuja, na yenyewe ni kavu, kwa hiyo lowesha karatasi pande zote mbili kabla ya kupaka anga, la sivyo upepo utakukatia rangi nusu njia. Wakati wa masika ni kinyume: unapaka asubuhi, Adhuhuri bado mbichi. Hapo fanya picha mbili kwa pamoja, moja ikikauka unashika nyingine.

Haya, maonyesho. Yetu tunayapanga wakati wa Tamasha la Utamaduni, Novemba, mji ukiwa umejaa watu. Tungependa siku moja tuingie Ngomeni. Ngome ya Lamu imejengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa jela hadi 1984, na leo inatundikwa picha kwenye kuta walizozitazama wafungwa. Kwa sasa tunatumia nyumba ya mmoja wetu, na faida yake ni kwamba mgeni anaona zidaka zilizochorwa akiwa amesimama mbele ya zidaka zenyewe. Baadaye zile zitakazochaguliwa tunataka zifike Mombasa, na Inshallah Nairobi, kwenye maonyesho ya kila mwaka pale Makumbusho ya Taifa ambayo picha huuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida. Ukifika pale makumbusho usikose picha za Joy Adamson, yule mwandishi aliyemlea simba Elsa. Wengi hawajui kwamba kabla ya simba alikuwa mchoraji, na serikali ya kikoloni ilimwajiri achore watu wa makabila ya Kenya na mavazi yao. Sikubaliani na kila alivyowatazama, lakini jinsi anavyochora shanga na nguo kwa rangi ya maji, nenda ukasimame karibu.

Sasa fremu, kwa kuwa picha zitasafiri: iwe na maungio sawasawa, si kubandika. Weka kadi pembeni ili picha isiguse kioo, kwani ikigusa, unyevu unaigandisha hapo hapo. Na nyuma, kwenye pembe mbili za chini, gundisha vipande vya kizibo ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Kuta za mawe hutoa jasho. Kuna mahali fulani, sipataji, tulipopeleka picha mwaka juzi wakazitundika kwenye ujia wa kuelekea msalani, na mchana wote jua linazipiga. Kisha wakatwambia hazikuuzika. Tangu hapo nauliza kwanza ukuta upi, ndipo natoa picha.

Ukitaka nyingine ya kuandamana na jiko, unayo mbele ya mlango wako. Mvua zikinyesha bara, Sabaki inashusha udongo na bahari ya Malindi inageuka kahawia mpaka mbali. Wenye hoteli wanalia, watalii wanakimbilia Watamu. Mchoraji gani wa nje anakuja kuchora bahari ya matope? Na rangi zake ni zile zile mbili za ukuta wa bibi. Ichore kutoka kwenu Shela, si Shela yetu, pale karibu na makaburi ya mnara, wavuvi wakivuta nyavu kwenye maji mekundu. Mashua ikiingia kidogo pembeni sitasema kitu.

Njoo wewe mwenyewe, usitume mtu. Panda basi la alfajiri, ukifika Mokowe nipigie kabla hujaingia botini nije gatini. Utalala kwetu, mama amekwisha kusema. Leta jiko, leta na karatasi zozote ulizonazo hata chafu, tutazigeuza tuchore upande wa pili. Vipimo vya ile picha nipe kwa simu wiki hii, urefu na upana bila ukingo, maana fundi wa fremu ana kazi ya vitanda vya harusi mbili na akizishika hizo hatutamwona tena mpaka Desemba.

Nisalimie mamako, na umwambie jiko lake linakuja kutazamwa na watu Lamu, asije akakasirika kwamba umelichora kabla hajalipiga deki.

Wassalam,
Shoga yako