Ukikosa fataki uliyozoea, usihamishe kipimo kama kilivyo

Swali linalorudi sana kaunta kutoka kwa wanaojaza risasi wenyewe ni hili: kitabu cha vipimo kimetaja fataki (kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) ya kampuni ya CCI, rafuni kuna ya Federal au Winchester, je, nichukue? Chukua, ilimradi ni ya ukubwa ule ule na ya aina ile ile. Ila kipimo chako cha baruti kilipatikana kwa fataki ya zamani, na kwa hii mpya hakina dhamana.

Tunawaandikia wateja walioko Marekani, ambako sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni. Kuziuza ni jambo lingine, na baadhi ya majimbo yana masharti ya ziada.

Tuanze na ukubwa. Fataki ndogo ina kipenyo cha inchi 0.175, kubwa 0.210, kwa hiyo hizo hazichanganyiki. Angalia tu maganda ya .45 ACP, risasi ya bastola, kwani mengine yana tundu dogo na mengine kubwa. Yakiwa ndoo moja, mashine itaponda fataki, basi yachambue kwanza. Maganda ya Berdan, yenye vitundu viwili vya moto na fuawe (ncha ambayo fataki hupondwa juu yake) iliyo sehemu ya ganda lenyewe, yaweke kando kabisa.

Fataki kubwa ya bunduki ni ndefu kuliko kubwa ya bastola kwa takriban inchi 0.01. Ukiitia katika ganda la bastola itachomoza kitakoni, na silaha inaweza kuilipua wakati inajifunga.

Penye hatari zaidi ni kwenye fataki ndogo, kwa sababu ya bunduki na ya bastola zinalingana kwa umbo na macho hayatakusaidia. Tofauti iko kwenye unene wa kikombe: ya bastola ni kama inchi 0.017, za bunduki 0.020 hadi 0.025. Tia ya bastola kwenye .223 Remington, risasi ya bunduki yenye shinikizo la juu la psi 55,000 (pauni kwa inchi ya mraba), kikombe kinaweza kutoboka na gesi ya moto ikarudi nyuma kwenye pini inayogonga fataki, pengine hadi usoni. Ukifanya kinyume chake, bastola yenye springi laini inaweza kugonga na risasi isitoke.

Hata ukibaki kwenye fataki ndogo za bunduki, soma boksi. Remington wenyewe hawaipendekezi fataki yao namba 6½ kwa .223, kwa kazi hiyo wana 7½. Kwenye bunduki ya AR-15 pini haina springi ya kuirudisha, hivyo kila bolti (kipande kinachofunga nyuma ya risasi) inapojifunga pini huigusa fataki na kuacha alama ndogo. Kikombe laini kinaweza kulipuka hapo hapo kabla hujavuta kifyatulio. Kwa silaha hiyo sisi tunashauri CCI 41 au 450.

Fataki za magnum hutoa moto mkubwa zaidi, kwa baruti ya chembe duara isiyowaka upesi au kwa baridi kali. Ukiiweka badala ya ile ya kawaida kwenye kipimo kilichokwisha kufika kileleni, shinikizo linaweza kupita kikomo.

Kwa hiyo, ukibadilisha fataki, shuka 10% chini ya kipimo cha juu cha kitabu, kisha panda taratibu: nusu greni (kipimo kidogo cha uzito) kwa bunduki ya ukubwa wa .308, 0.1 au 0.2 kwa bastola. Baruti za H110 na Winchester 296 haziingii kwenye kanuni hii: usizipunguze zaidi ya 3%, maana zikipungua sana huwaka vibaya na kichwa cha risasi kinaweza kunasa mtutuni. Piga risasi tano kwa kila hatua huku ukipima mwendo kwa kronografu. Mwendo ukiruka ghafla, simama. Simama pia ukiona fataki imelala bapa mpaka kingo zimejaa tundu, ina kovu la mviringo kuzunguka alama ya pini, au bolti imekuwa nzito kuinua. Kwa bastola dalili hizi huchelewa kuonekana, kwa hiyo usizingojee.

Fataki ikae inchi 0.003 hadi 0.005 chini ya usawa wa kitako. Pitisha kidole; ukihisi mwinuko, hiyo haijakaa. Zilizobaki ziache kwenye trei za kiwandani, usizimimine kwenye chupa ya kioo: zikigusana, moja ikilipuka huzilipua zote.

Kwenye lebo ya boksi la risasi andika fataki uliyotumia, jina na namba, pamoja na baruti na uzito wake. Ukija dukani kuulizia mbadala, njoo na lebo hiyo na ganda moja tupu.